Faili Tatu za Torquil Beaton

Tarehe 14 Novemba 1991, siku ya Alhamisi, Hector Urquhart alianguka kwenye ngazi za jengo la kazini kwao mjini Edinburgh, na hakurudi tena kwenye kiti chake. Jambo moja kuhusu siku hiyo limethibitishwa na kila aliyeulizwa: kompyuta yake aliiacha ikifanya kazi, na programu aliyoihangaikia kwa miaka mingi ilikuwa wazi ndani yake, imekamilika.

Mtu wa mwisho kusema naye akiwa na ulimi wake mzima alikuwa Effie Mathieson, aliyekaa meza ya jirani. Alimwomba amletee sukari akipita jikoni. Hector akamjibu kwamba mwanamke wa umri wake anayetia vijiko vitatu kwenye kikombe kimoja anajichimbia kaburi kwa kijiko cha chai, akatoka akicheka peke yake. Haukupita muda Effie akasikia kishindo, kisha sauti ya kikombe kikibiringika ngazi hadi ngazi.

Effie alizaliwa Leith, bandari ya mji huo, mama yake akipakia biskuti kiwandani. Aliingia kwenye idara ya kompyuta walikofanya kazi akiwa msichana wa kutoboa kadi za karatasi zilizosomwa na mashine za zamani, akajifunza utunzi wa programu kwa kusoma kadi alizokuwa akizitoboa, na kadi zilipopitwa na wakati alikuwa ameshakuwa mtunzi kamili. Hakuwa na cheo kikubwa. Hakuolewa. Alikuwa na chumba na jiko mtaa wa Marchmont, na sifa moja iliyomtangulia kila alikokwenda: hakuandika kitu bila kukitangazia aina yake kwanza.

Sifa hiyo inahitaji maneno machache. Katika mji ule, miaka ya sabini, ilizaliwa lugha ya programu iitwayo ML. Programu iliyoandikwa kwa lugha hiyo ni mkusanyiko wa kanuni: ukiipa kanuni kitu hiki inakurudishia kile, wala haigusi kingine pembeni. Na kabla programu haijaendeshwa hupitiwa na mkaguzi, ambaye si mtu bali ni programu nyingine, kazi yake ikiwa kuhakikisha kwamba kanuni iliyoahidi kutoa namba haitoi maneno, na kwamba kila jina linalotajwa linajulikana pale linapotajwa. Effie alikuwa akiandika ahadi kwanza, yaani tamko la aina, kisha ndiyo anaandika kanuni yenyewe. Hector hakuandika tamko hata moja maishani mwake. Mkaguzi anaweza kukisia aina ya kila kanuni bila kuambiwa, na Hector aliona kumwandikia mkaguzi kitu anachokijua ni kumvunjia heshima. Alimwita Effie Bi Matamko. Effie alimwita yeye mzee wa kubahatisha. Waliishi hivyo kwa miaka kumi na sita bila kuudhiana.

Programu iliyobaki wazi siku ile haikuwa ya idara. Ilikuwa ya Hector mwenyewe, na kwa hakika ilikuwa ya mpiga zumari mmoja wa kisiwa cha Raasay, Torquil Beaton, aliyefariki mwaka 1979. Wapigaji wa kale wa zumari kubwa la Uskoti, lile la mfuko wa hewa, hawakufundishana kwa karatasi. Waliimbiana silabi, kila silabi ikisimamia noti na madoido yake, na mwanafunzi alizishika mpaka vidole vikazijua. Shida ni kwamba kila shule ilikuwa na silabi zake. Silabi ambayo kwa watu wa visiwani ni noti ya chini, kwa watu wa bara huenda ikawa ya juu. Torquil alifundishwa na babu yake kwa njia ya kisiwani, akafundishwa tena jeshini na sajini mmoja wa bara, na uzeeni akaongeza mazoea yake mwenyewe. Alipomtungia maombolezo ndugu yake Iain, aliyeuawa Ufaransa mwaka 1915, alichanganya njia zote tatu. Vidole vyake vilipoharibiwa na baridi yabisi hakuweza tena kuyapiga, alibaki kuyaimba. Hakuruhusu kinasa sauti kuingia jikoni kwake. Hector, aliyejua tangu kwao Kigaeli, lugha ya visiwani, alikaa kwenye jiko hilo majira matatu ya kiangazi, akiandika silabi na kuuliza kila moja ina maana gani inapotangulia hii na inapofuata ile.

Majibu aliyopewa aliyatia kwenye faili tatu za programu. Moja aliiita Bara, ya pili Kisiwa, ya tatu Nyumbani. Silabi zilezile zilirudi katika faili zote tatu, kila faili na maana yake. Kila asubuhi Hector alizipakia kwenye kompyuta kwa mkono, moja baada ya nyingine, na hapo ndipo ilipokuwa siri ya kazi nzima: faili inayopakiwa baadaye hufunika majina ya iliyotangulia, lakini kanuni iliyokwisha kupakiwa hushikilia maana ile iliyokuwapo ilipoingia. Ukipakia Bara kisha Kisiwa, unapata wimbo mmoja. Ukibadilisha, unapata mwingine. Ukirudia faili moja katikati, unapata wa tatu. Watu wa lugha ile walizoea kufanya kazi hivyo, programu ikiishi ndani ya mashine iliyowaka kama mazungumzo yasiyokatika, na hakuna aliyeona haja ya kuandika mahali popote kwamba leo nimeanza na ipi.

Jumatatu ya juma lile Hector alimwambia Effie kwamba maombolezo yamekaa. Baada ya miaka yote hiyo amepata mpangilio ambao kila silabi inaangukia pale Torquil alipoiweka, na ameujaribu dhidi ya kila jibu la mzee. Akamchezea kwa spika ya kompyuta, sauti nyembamba kama mbu kwenye chandarua. Effie alisikiliza akitafuna mkate na jibini, akiwaza miadi yake ya daktari wa meno. Alisema ni nzuri.

Ijumaa, siku moja baada ya Hector kuanguka, fundi wa mashine alipita na kikapu chake cha nyaya. Aliitwa Wattie Purves, mtu mnene wa Hawick aliyepiga zumari katika bendi ya mtaa na kuzungumza na kompyuta kama anazungumza na ng'ombe.

“Bi Effie, mashine ya mzee bado inanguruma kule. Jumapili nazima zote, nabadilisha diski. Kuna mtu anaitumia?”

“Nani aitumie, Wattie? Mwenyewe yuko hospitali.”

“Basi nizime?”

“Zima.”

Effie hakulifikiria tena neno hilo hadi wiki ya pili ya Desemba, alipopigiwa simu na Peigi Beaton.

Peigi alikuwa mtoto pekee wa Torquil, mwanamke wa miaka themanini na moja aliyepika katika jiko la hospitali kwa sehemu kubwa ya maisha yake na sasa akiishi mtaa wa Gorgie, ghorofa ya chini, na paka asiye na jina. Alisema amesikia habari za Bwana Urquhart na amemwombea. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba naye daktari amemwambia asitegemee kukiona kiangazi kikiisha. Hakuwa anatafuta pole. Bwana Urquhart alimwahidi maombolezo ya baba yake yakiwa kwenye noti, ili mpigaji yeyote aweze kuyapiga. Anataka yapigwe siku atakayozikwa, nje, makaburini, kwa kuwa ndani ya kanisa lao hakuna ala inayopigwa. Je, yapo?

Effie alimwambia yapo. Yako kwenye mashine. Yeye mwenyewe aliyasikia. Atamletea kabla ya majira ya kuchipua.

Alasiri hiyo akaketi kwenye kiti cha Hector, akawasha mashine, akakuta faili tatu zimehamishiwa diski mpya zikiwa salama, na mazungumzo, yaani mpangilio uliokuwa umepakiwa, yakiwa hayapo. Kisha akainuka, akaenda kuosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Kazi ya majira yale ya baridi aliifanya kwa njia anayoijua. Hakupakia faili kwa mkono kama Hector. Aliamua kuziingiza kwenye mtindo mpya wa lugha ile, ambamo kila faili hufungwa kuwa moduli, kama chumba chenye mlango, na majina ya ndani hayaonekani nje mpaka yametajwa mlangoni, kila moja na tamko la aina yake. Alidhani kwamba akiyafunga yote na kuyatangaza yote, ukweli utalazimika kujitokeza. Mkaguzi alimjibu kwa kurasa za makosa. Jina hili halijulikani hapa. Jina lile halijulikani hapa. Faili za Hector ziliegemeana kama walevi watatu: kila moja ilitumia majina ya nyingine bila kusema imeyatoa wapi, na mara alipojenga kuta kati yao zote zikaanguka.

Alianza na kosa la juu kabisa, kama ilivyo desturi, maana makosa ya chini mara nyingi ni watoto wa lile la kwanza. Kwa kila jina lisilojulikana ilimbidi aandike limetoka chumba gani. Na hapo ndipo alipokwama, kwa kuwa karibu kila jina lingeweza kutoka katika vyumba viwili, na mara nyingi katika vyote vitatu. Silabi iliingia, noti ikatoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bara, kwa Kisiwa na kwa Nyumbani. Aina ilikuwa ileile. Akiandika Bara, mkaguzi ananyamaza. Akifuta na kuandika Kisiwa, mkaguzi ananyamaza vilevile. Maisha yake yote alikuwa amechukulia ukimya huo kuwa ndiyo malipo ya mtu mwangalifu. Sasa aliuogopa.

Palikuwa na mahali pachache ambapo mkaguzi hakunyamaza. Katika faili ya Nyumbani Hector alikuwa ameandika urefu wa noti kwa namba kamili; katika Bara aliuandika kwa sehemu, nusu na robo. Zikikutana uso kwa uso, mkaguzi alikataa: aina hazipatani. Mtu mwingine angezirekebisha akaendelea. Effie aliyatendea makosa hayo kama mashahidi. Kama Nyumbani haiwezi kufuata Bara moja kwa moja, basi mipangilio yote yenye mfuatano huo Hector hakuitumia kamwe, kwa kuwa mashine ingemkatalia. Aliyaacha makosa kwa makusudi, akayapanga, akayauliza moja moja linakataza nini. Januari ikapita hivyo, na sehemu ya Februari, nje kukiwa na ukungu wa baharini uliofunika bustani ya Meadows hata taa zikawa kama mayai. Mipangilio ikapungua. Kila mmoja ulioanguka ulimpa furaha ambayo hakumwambia mtu.

Wattie, aliyekuwa akija kuota kwenye hita ya chumba chao, aliona mabadiliko.

“Bi Effie, leo umetabasamu. Nimwite daktari?”

“Imebaki mitano, Wattie.”

“Mitano ya nini?”

Alimweleza. Alimweleza kila kitu isipokuwa kile ambacho Wattie alikijua tayari. Wattie akazungusha bisibisi mkononi, kisha akasema kwamba yeye huuliza siku zote kabla ya kuzima. Effie akasema ndiyo, uliuliza. Hawakulizungumza tena.

Mwanzoni mwa Machi ilibaki mipangilio mitatu, na hapo mashahidi wakaisha. Hakuna kosa lililobaki la kuuliza. Alipoandika tamko la mwisho la moduli ya mwisho, mipangilio yote mitatu ilipita mbele ya mkaguzi bila neno, na kila mmoja ulitoa maombolezo kamili ya Iain Beaton. Maombolezo ya kwanza yalishuka mwishoni hadi noti ya chini yakakaa hapo. Ya pili yalibaki juu, hayakushuka. Ya tatu yalirudi yalikoanzia. Effie aliyachapisha, akampa Wattie, na Wattie akayajaribu kwenye filimbi ndogo ya mazoezi ambayo wapiga zumari hutumia nyumbani. Alisema yote ni ya mtu anayejua kazi yake. Effie alijilazimisha kukumbuka ile sauti ya mbu ya Jumatatu ya Novemba. Alikumbuka jibini. Alikumbuka jino lililouma, la kushoto. Wimbo haukumrudia.

Alibaki Hector. Effie na Wattie walimkuta katika nyumba ya wagonjwa wanaopata nafuu, kusini mwa mji, amekaa karibu na dirisha, amenyolewa vizuri na mtu asiyejua kwamba yeye huacha masharubu. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono wa kulia na maneno yote isipokuwa moja.

“Hector, nimekuletea maombolezo,” Effie alimwambia. “Yapo matatu. Moja ndilo lako. Niambie ni lipi.”

“Jumanne,” alisema Hector.

“La kwanza?”

“Jumanne. Jumanne.”

“Mzee, ukituambia Jumatano leo, bia ni juu yangu,” alisema Wattie, na nusu ya uso wa Hector ikacheka.

Wattie alipiga la kwanza. Kufika katikati Hector alikuwa akilia, machozi yakimshuka hadi kwenye kola, na mkono wake mzima ukamshika Effie kwa nguvu. Effie angeweza kuishia hapo, lakini hakuwa ameumbwa hivyo; alimwambia Wattie apige na mengine. Kwa la pili Hector alilia. Kwa la tatu alilia vilevile, na Wattie akashusha filimbi kabla hajamaliza.

Muuguzi aliyepita na vidonge alimvuta Effie pembeni. “Hata tangazo la sabuni kwenye televisheni linamliza, mama. Ndivyo ugonjwa ulivyomwacha. Usiyachukue machozi yake kuwa jibu.”

Effie akajaribu njia nyingine. Aliweka karatasi tatu mezani mbele yake, akamwomba aguse moja. Hector aligusa ya kushoto kabisa, bila kusita. Effie alizipanga upya bila kumwambia, akamwomba tena. Aligusa ya kushoto. Alizipanga mara ya tatu, huku akijua kitakachotokea. Na mkono ukaenda kushoto, kwa karatasi nyingine, kwa uhakika uleule. Upande mwingine wa meza haukuwapo kwake. Alimtazama Effie kama mtu aliyetimiza alichoombwa na anayengoja kuambiwa asante. Effie alimwambia asante.

Njiani kurudi Wattie alisema kwamba bado yupo binti. Binti ana masikio. Binti atajua. Effie naye alikuwa amelishikilia tumaini hilo tangu Desemba, akiliweka la mwisho kama mtu anavyoweka akiba. Mwanamke aliyekulia katika nyumba ambamo maombolezo yale yalitungwa angeyatambua hata akiwa usingizini.

Walikwenda Gorgie Jumamosi iliyofuata. Peigi alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya sweta, lakini alikuwa ameandaa chai na biskuti za shayiri, na alimkemea Wattie kwa kukaa kwenye kiti cha paka. Alitaka kujua Wattie amefundishwa na nani. Alipotajiwa bendi ya mtaa, alisema, bila kumtazama yeyote, kwamba siku hizi hata makarani wanapiga zumari.

“Makarani wanaoga lakini, bibi,” alisema Wattie. “Wapigaji wa zamani nimesikia ilikuwa mara moja kwa mwaka.”

“Baba yangu alioga kila Jumamosi,” alisema Peigi. “Piga, kijana.”

Wattie, aliyekuwa na wajukuu, alipiga. Peigi alisikiliza amefumba macho, mikono juu ya magoti. Baada ya la tatu Effie akangoja, akiwa na kalamu mkononi pasipo sababu yoyote.

Peigi alifumbua macho. “Yote ni mazuri,” alisema. “Sasa ni lipi?”

“Ndicho tulichokuja kukuuliza, Bi Peigi. Wewe ndiye uliyemsikia akiimba.”

“Mimi?”

“Nyumbani. Ulipokuwa mtoto.”

Mwanamke yule alimtazama, wala si kwa hasira. “Mwanangu,” alisema, “baba yangu hakuimba wimbo ule mbele yetu hata siku moja. Mama alikatazwa kuingia. Mimi nilikatazwa kuingia. Alimwimbia Bwana Urquhart, basi. Unadhani nimeusubiri kwa nini miaka yote hii? Sijawahi kuusikia.”

Effie alijua kwamba alipaswa kusema kitu. Alieleza, kwa maneno yaliyopangika vizuri kama kawaida yake, kwamba mpangilio wa faili ulikuwa kichwani mwa Hector na ndani ya mashine. Kwamba Hector hawezi tena kusema. Kwamba mashine ilizimwa. Alisema ilizimwa. Peigi hakuuliza na nani. Wattie aliangalia paka.

“Kwa hiyo hamjui,” alisema Peigi.

“Tunajua kwamba ni mmojawapo wa mipangilio hii mitatu. Na hata hilo, Bi Peigi, ni kama Hector hakubadilisha kitu kwa mkono baada ya kupakia. Aliwahi kufanya hivyo.”

“Basi yaweza kuwa si wowote.”

“Yaweza.”

Peigi alichukua biskuti, akaivunja, hakuila. Nje basi lilipita na vioo vikatetemeka. “Chagua mmoja,” alisema hatimaye. “Chagua mwenyewe, wala usiniambie umechagua vipi. Na yule atakayepiga mwambie ndio wa Torquil Beaton.”

“Siwezi kumwambia hivyo.”

“Utaweza. Mimi nitakuwa nimelala, sitakusikia.”

Effie alichukua muda mrefu kuchagua kuliko alivyochukua kuondoa makosa yote. Alitafuta sababu na hakupata. Kila sababu aliyoipata ya mpangilio mmoja ilikuwa ni sababu ya jinsi yeye angeupanga, siyo jinsi Hector alivyoupanga. Mwishowe alichukua wa pili, ule usioshuka. Aliyeulizwa baadaye kuhusu uamuzi huo ni Wattie, na kwa maelezo yake Effie alisema tu kwamba ulikuwa wa pili na kwamba palihitajika mmoja. Moduli zilifungwa, kila jina likaandikiwa chumba lilikotoka, kila kanuni ikapewa tamko lake. Juu ya programu Effie aliandika mstari unaosema kwamba mpangilio ni wake yeye na si wa mwenye faili. Mkaguzi hasomi mistari ya namna hiyo, huiruka.

Peigi Beaton alizikwa tarehe 9 Juni 1992. Mvua ilikuwa nyepesi. Wattie alipiga kwenye zumari kubwa, nje, kwenye lango la makaburi, akiupa upepo mgongo, na watu wa kanisa la Peigi waliosimama mbali kidogo hawakuondoka. Mpigaji mmoja wa visiwani aliyekuwapo alimfuata Wattie akamwuliza wimbo ule ni wa nani. Wattie alimtazama Effie. Effie alikuwa akitazama viatu vyake.

“Wa Torquil Beaton wa Raasay,” alisema Wattie.

Yule mtu akaomba nakala, akapewa. Wakati wa kiangazi wimbo ulipigwa kwenye mashindano mawili. Mwaka uliofuata ulikuwa ukifundishwa, na wanafunzi waliofundishwa waliambiwa kwamba kule mwisho, pale unapobaki juu bila kushuka, ndipo mzee alipomwacha ndugu yake.

Effie aliendelea kumtembelea Hector kila Jumapili. Hakumpigia tena nyimbo. Alimnywesha chai, akamweleza habari za idara, na Hector akamjibu Jumanne. Mara moja tu, kwa mujibu wa muuguzi yule aliyewakuta, Effie alikuwa ameinamia sikio lake akisema polepole, kama mtu anayerudia somo, “Mimi ndiye niliyesema zima, Hector. Aliniuliza, nikasema zima.” Hector alilia. Muuguzi hakutilia maanani, kwa sababu aliyokwisha kuieleza.

Hector Urquhart alifariki Februari 1994. Effie aliacha kazi mwaka huohuo, akahamia kwa binamu yake Stromness, visiwani kaskazini, na hakuandika programu tena.

Mpangilio ambao Hector alizipakia faili zile katika juma la mwisho haujulikani. Haijulikani kama alirekebisha kitu kwa mkono. Kama wimbo unaopigwa leo kwa jina la Torquil Beaton ndio alioutunga, hakuna aliye hai anayeweza kusema.